Mpika Chambo wa Nyuma ya Gesti Yangu

Ukoo wake msiutafute hapa, wala alikozaliwa, wala kama alisoma. Kwangu mtu huyu alianza na harufu kabla sijamwona uso. Nilikuwa nimesimama kwenye kiwanja nilichotoka kukinunua, Bagamoyo hii yetu ya Tukuyu, nawaonyesha mafundi pa kuchimba msingi. Upepo ukageuka ukashuka kutoka mlimani, na fundi mkuu akatupa koleo akashika pua.

"Bosi, hapa kuna maiti."

Hapakuwa na maiti. Upande wa pili wa ua wa matete kulikuwa na mzee ameinamia ndoo, anakoroga kwa kijiti, anaimba wimbo wa kanisani taratibu kama mama anayesonga ugali.

Kazi yake ndiyo hiyo, kupika chambo. Kuvua anavua pia, lakini kinachomlisha ni zile ndoo. Watu wa ndoana wanaokwenda ziwani Masoko, wenye mabwawa kule Lupepo wanaotaka kumtoa kambale mkubwa anayewamalizia vifaranga vya samaki, vijana wa kwenye vidimbwi vya mto, wote wanapita kwake. Wa perege anapewa donge la pumba za mahindi zilizochachuka pamoja na machicha ya pombe. Wa kambale anapewa, na kama unakula weka sahani pembeni kwanza, utumbo wa kuku uliolazwa ndani ya damu ya machinjioni mpaka unaanza kujikoroga wenyewe. Ipo ndoo ya dagaa waliogeuka uji. Ipo ya maparachichi yaliyooza na maziwa mgando. Kila ndoo ina kifuniko cha bati na jiwe juu, na kila jiwe lina nzi wake.

Mimi mnanijua, na asiyenijua aulize stendi. Niliacha shule darasa la nne. Nilibeba mikungu ya ndizi Kiwira mpaka mabega yakaota sugu, nikauza mitumba, nikauza saruji, na leo nina gesti yenye vigae hadi chooni, maji ya moto, mashuka meupe kama maziwa. Hakuna aliyenishika mkono. Na ukitaka kujua siri yangu, siri yangu ni pua. Ndiyo, pua. Mimi nanusa saruji iliyoingia unyevu mfuko ukiwa bado umeshonwa. Bale la mitumba likifunguliwa, nilikuwa najua lililolala na maji melini kabla wenzangu hawajagusa nguo ya kwanza. Mke wangu akiunguza maharage akamwaga, akasugua sufuria, akapika mengine, mimi nikiingia getini namuuliza, "Ya kwanza yaliungua?"

Sasa mtu mwenye pua hiyo, Mungu akampa jirani huyo.

Na ingekuwa mji wa jua ningevumilia. Hapa kwetu mvua inanyesha leo kwa sababu ilinyesha jana. Kitu hakikauki, kinalowa, kinavimba, kinatambaa. Harufu ya ndoo zile ilikuwa inakaa kwenye ukungu asubuhi kama inasubiri kifungua kinywa. Ilikuwa inaingia kwenye mashuka yangu kambani, nayafua tena, yanarudi kambani, yananuka tena. Bwana mmoja wa biashara ya chai alilala kwangu na mkewe, akasifu kitanda, akasifu maji ya moto. Asubuhi akafungua dirisha la nyuma. Hata chai hakunywa. Wakati anarudisha ufunguo aliniambia kwa upole, "Chumba kizuri, kaka, ila angalia, kuna kitu kimekufia ukutani."

Neno kama hilo likifika stendi, gesti imekwisha. Kwa hiyo sifichi nilichokuwa nakitaka. Nilikitaka kiwanja cha yule mzee. Nilitaka nimwage zege pale, magari ya wageni yaegeshwe, na uvundo ule ufe kabisa. Kila nilipomgusia alikuwa na jibu lake moja.

"Nitahama samaki wakihama, malafyale wa mashuka."

Malafyale ni chifu, kwa lugha ya nyumbani. Chifu wa mashuka! Jina likasambaa mtaa mzima. Mpaka muuza maandazi ananiita hivyo.

Mikono yake ndiyo iliyonishinda kuliko ndoo. Ndoo ziko kwake. Mkono unakufuata. Mzee huyu anasalimia kwa heshima zote za kwetu: "Ugonile," anakushika kwa mikono miwili, hakuachii. Anauliza habari za mama, za watoto, za ng'ombe ambao huna, na muda wote huo unasikia ute unapita kutoka kwake kuja kwako. Utasugua kwa sabuni, utasugua kwa ndimu, usiku ukijigeuza kitandani mkono ukapita karibu na uso unamwona tena mzee.

Halafu mtu huyohuyo, siku ya kwenda ziwani, umwone! Ananawa kama daktari anayekwenda kupasua mtu. Anasugua majivu mpaka kwenye kiwiko. Anakata shina la mgomba, anajipaka maji yake. Anafikicha mchaichai viganjani, anajifuta kwa jani bichi. Sabuni hagusi, anasema samaki akisikia sabuni anajua kuna mtu. Nguo iliyofuliwa havai. Na akishanawa hivyo hampi mtu mkono njia nzima, anaibeba mikono mbele yake kama sinia la chai. Ukimsalimia anatikisa kichwa: "Samahani, tata, mkono huu una miadi."

Yaani samaki anapewa mkono safi, binadamu anapewa utumbo.

Kwenye harusi ya mtoto wa jirani yetu tulikaa naye sinia moja. Mzee kwa adabu zake akaona mimi sipati nyama. Akachagua mnofu ule mkubwa, akauchambua kwa vidole kutoka mfupani, akaniwekea mbele yangu. Meza nzima inaangalia. Ukikataa umemtukana mzee mbele za watu. Nikamsogelea sikioni.

"Mzee, umenawa?"

Akanishangaa kwa dhati kabisa.

"Kwani nakwenda ziwani?"

Nilimeza. Sitaki kueleza zaidi. Nilimeza bila kutafuna na mpaka leo mnofu ule naona haujafika tumboni.

Maneno yake alikuwa nayo machache, na yote yanahusu kunuka. Kiswahili chake kimekaa Kinyakyusa, herufi ya kutetemesha ulimi hana habari nayo, hivyo harufu kwake ni halufu na jirani ni jilani. "Samaki hana macho ndani ya tope," anasema, "ana halufu." Au: "Chambo cha halaka kinavua samaki mjinga." Alilolirudia kuliko yote ni kuhusu kujua chambo kimeiva. Cha juu kinadanganya, anasema. Juu kuna povu, kuna ukali, nzi wanakuchanganya. Ukitaka ukweli ingiza mkono mpaka chini ya ndoo, toa, subiri kidogo, nusa. Kilichoiva kina utamu kwa mbali. Kilichopita kinachoma. Kuiva na kuoza kwake ni vitu viwili, na anaweza kukutolea mahubiri nusu saa kuhusu mpaka uliopo kati yao. Kwa mtu mwenye akili timamu ni kitu kimoja na kinaitwa kinyaa.

Nikasema huyu nitamwaibisha kwa maendeleo. Nilipokwenda Dar kufuata vigae nikapita duka la vifaa vya uvuvi, nikanunua samaki wa mpira. Wazuri hao! Wana magamba ya kumetameta, mikia inacheza, ndoana imefichwa tumboni, na kichupa cha manukato yao pembeni, unatia tone moja tu. Hakuna damu, hakuna utumbo, mkono unabaki mkono. Nikampelekea palepale uani kwake. Akamchukua mmoja, akamgeuza, akamnusa kwa muda mrefu.

"Huyu ananuka duka."

"Kambale atajuaje duka, mzee? Ameshawahi kufika Kariakoo?"

"Hajafika. Ndiyo maana atashangaa."

Tukaenda Lupepo kwenye bwawa la rafiki yangu, yeye na ndoo yake, mimi na mpira wangu. Na sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu yeye hadithi hii huwa haisimulii. Siku ile yeye hakupata kitu. Mimi nikavuta kambale mweusi, mrefu kama mkono, anapiga mkia mpaka tope likanirukia kofia. Mimi! Ambaye kazi yangu ni vitanda! Nikamgeukia mzee. Alikuwa anamtazama kambale wangu kwa huruma.

"Pole yake," akasema. "Alikuwa mgonjwa."

Kisha akaniomba samaki mmoja wa mpira. Nikampa, nikajua sasa amekubali yaishe. Baada ya siku kadhaa akamrudisha, amefungwa kwenye jani la mgomba kama zawadi. Alikuwa amemlaza ndani ya ndoo ya damu. "Nimemfundisha kuongea," akasema. Mke wangu alifungua jani lile mezani, juu ya kitambaa cha kudarizi. Kitambaa tukakichoma.

Msidhani hakuwa na wema. Wema alikuwa nao, na huo ndio ulionichafua zaidi. Kila Ramadhani alituletea perege wa futari, wabichi, wanene, hataki hata asante. Tumewala miaka. Siku moja nikamwona anayeyusha mafuta meupe kwenye kikaango cha zamani, anayamwaga ndani ya pumba. Harufu ile naijua, Kiwira wanaikaanga barabarani.

"Mzee, hayo mafuta ya nini?"

"Ya ngulube. Pelege anayapenda sana."

Nguruwe! Nilishika nguzo ya ua. "Na perege wa futari?"

"Haohao."

Nilimwambia maneno ambayo mtu aliyefunga hapaswi kuyatoa. Yeye akasikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu, "Aliyekula ni pelege. Wewe ulimla pelege." Nilikwenda kumuuliza shehe wetu, akanituliza kwamba samaki ni halali, nisafishe vizuri na niache kujitesa. Moyo ukakubali, tumbo likakataa. Lakini Ramadhani iliyofuata mzee akaja na perege vilevile, na kabla sijafungua mdomo akanionyesha kwa mbali uani kwake. Ndoo moja alikuwa ameipaka rangi ya kijani na kuiweka peke yake, mbali na nyingine, na kijiti chake cha kukorogea. "Ile ni ya futali," akasema. "Yule bwana mwenye mkia hajawahi kuingia." Na ndoo ya kijani nayo ilinuka hivyohivyo, wallahi, ilinuka kiislamu.

Mnaona ugumu wangu. Huwezi kumchukia mtu kama huyo ukamaliza.

Basi kilichobaki ni kupiga kelele. Kila asubuhi nilipofungua mlango wa nyuma nilisimama kwenye ua nikapaza sauti, na kwa sababu pua yangu si ya kubahatisha, nilimtukana kwa usahihi.

"Mzee! Utumbo huo umepitiliza tangu jana!"

Au, "Mzee, dagaa wako bado wabichi, kwa nini unafunua mapema unatuulia wageni?"

Au, "Ile ndoo ya maparachichi leo ndiyo imefika mwisho wa uchafu, iondoe!"

Naye ananyanyua mkono kutoka kule, "Ndaga, jilani!" Ndaga ni asante. Nilidhani ananikejeli. Anafunua ndoo niliyoitaja, anafunga vifurushi kwenye majani, wateja wanakuja, wanaondoka. Miaka imepita hivyo, mimi natukana, yeye anashukuru.

Mke wangu ndiye aliyenibadilisha. "Baba," aliniambia, "wewe unavyopiga kelele wageni ndiyo wanajua kuna uvundo. Nyamaza. Ukinyamaza atachoka mwenyewe." Nikaweka vioo visivyofunguka madirisha yote ya nyuma. Nikapanda michaichai ya kutosha ukutani. Nikafunga mdomo msimu mzima wa mvua.

Na kweli kukawa na mabadiliko. Harufu ikaharibika. Najua mtashangaa, harufu iliyooza itaharibikaje? Lakini mimi niliyekaa nayo miaka nilisikia. Ndoo za dagaa zilifunuliwa mbichi. Utumbo uliachwa mpaka ukawa unachoma macho. Hakukuwa na mpangilio tena. Vijana wa ndoana nikawaona wanarudisha vifurushi, wanagombana naye getini, kisha wakaacha kuja. Nikamwambia mke wangu, dawa imeingia.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa asubuhi ya ukungu mzito. Nilikuwa naanika mashuka. Sauti ikatoka ng'ambo ya matete.

"Malafyale wa mashuka! Umekufa?"

"Sijafa."

"Mbona hutukani?"

Nikasogea. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amekonda, shati limemning'inia. Nikamjibu kwamba nimeacha, kila mtu na maisha yake. Akatikisa kichwa.

"Umeniua, jilani. Pua yangu ilikufa niliposhikwa na homa, baada ya wale samaki wako wa mpila. Sisikii kitu. Hata moshi sisikii. Nilikuwa nakusikiliza wewe."

Sikumwelewa mara moja. Akaeleza kwa utulivu, kama anayemweleza mtoto. Ndoo niliyoitukana kwamba imefika mwisho, aliiuza siku hiyo. Niliyosema bado, aliifunika. Niliyosema imepitiliza, aliimwaga. "Watu wa Masoko walisema chambo changu sasa ni kizuli kuliko zamani," akasema. "Nikasema, ndiyo, nimepata fundi."

Fundi! Mimi, mwenye vigae mpaka chooni, miaka yote hiyo nimekuwa namwonjea mzee huyu utumbo kwa sauti ya juu, bure, mbele ya wageni wangu! Damu ilinipanda kichwani. Nilitaka kurudi kwenye mashuka yangu. Yeye akaendelea.

"Ndoo zilizobaki ni hizi. Binti yangu yuko Kiwila, ananiita kila siku. Njoo uninusie. Ukisema zote zimeoza, namwaga leo, nakwenda kwa binti, na uwanja huu uchukue wewe kwanza kabla ya mtu mwingine. Ukisema kuna iliyoiva, nawapigia watu wa Masoko. Utakalosema ndilo."

Mnasikia? Neno moja. "Zimeoza." Lisingekuwa hata uongo mkubwa, mtu yeyote mwenye pua angelisema. Zege lilikuwa tayari kichwani mwangu, magari yamepangwa, madirisha yamefunguliwa. Nikaruka ua kwa mguu mmoja, nikaziba pumzi, nikafunua ndoo ya kwanza.

Povu. Ukali. Nzi wakanipiga usoni. Nikafungua mdomo kusema zimeoza, na pua yangu ikanikataza. Kwa sababu cha juu kinadanganya. Nikaingiza mkono. Mungu anisamehe, niliuingiza mpaka chini, uvuguvugu ule ukanipanda juu ya kiwiko, vitu laini vinapita katikati ya vidole kama vinanitafuta. Nikautoa. Nikasubiri kidogo. Nikanusa.

Nikatapika kwenye mgomba wake.

"Hiyo nayo usipoteze," akasema mzee, "kambale anapenda."

Nikajifuta mdomo kwa bega. Mimi nimedanganya watu kwenye biashara, nani hajadanganya? Lakini kuhusu harufu sijawahi. Pua hii ndiyo imenijenga, na siwezi kuisimamisha mbele ya mtu ikasema uongo kama shahidi wa kukodi.

"Hii imepita," nikasema. "Mwaga." Nikafunua ya pili, nikazama, nikanusa, nikatema mate. "Dagaa hawa kesho. Leo usiguse." Nilipofika ya tatu akanizuia kwa kiganja.

"Hiyo acha. Yule bwana mwenye mkia yumo."

Nikaipita. Ya mwisho ilikuwa ile ya kijani. Nikaingiza mkono mpaka chini, nikautoa, na chini kabisa ya uchafu wote ule, kwa mbali, ulikuwepo utamu. Ulinitia kichefuchefu kuliko vyote.

"Mzee," nikasema, "hii imeiva. Wapigie watu wa Masoko."

 Alisimama akaenda kwenye jiko, akachota majivu, akasugua mpaka kwenye kiwiko. Akakata shina la mgomba, upande ambao sikuuchafua. Akafikicha mchaichai. Akajifuta kwa jani bichi, polepole, kidole kwa kidole, nami nimesimama pale natiririka, nasubiri aniage aende ziwani. Akanisogelea akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu, myeupe kwa majivu, inanukia mchaichai mpaka mimi niliisikia.

"Ugonile, jilani."

Nikautazama mkono wangu. Kuanzia kiwikoni ulikuwa mweusi, uzi wa utumbo umejizungusha kwenye saa.

"Subiri," nikamwambia. "Mimi sijanawa."